Kadi ya mlango iliyokataa, na maswali mengine ya wageni wa hoteli

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu waliolala hotelini Kisumu, Nakuru na Kakamega wakarudi nyumbani na dukuduku. Tunazungumzia hoteli za kulala, si ile hoteli ya chai na mandazi, na majina ya wenyewe tumeyaondoa. Karibu kila mwandishi alinyamaza, akalipa, akafika kwake ndipo akalalamika. Kufikia hapo chumba kimeshapigwa deki na zamu ya mapokezi imeshabadilishwa. Kwa hiyo tumeeleza kwanza kasoro inatoka wapi, kisha la kufanya ukiwa bado uko pale pale.

Nililala hoteli moja Kisumu. Saa 7 usiku mlango ulifunguliwa, mwanamume mwenye begi akaingia, akashtuka, akaomba radhi na kutoka. Asubuhi niliporudi kutoka kunywa chai, kadi yangu ilikataa kufungua mlango. Mapokezi walisema ni shida ya mtandao. Nimwamini nani?
*Msomaji, Bungoma*

Usiamini habari ya mtandao, dada. Vitasa vingi vya kadi havina mawasiliano yoyote na mapokezi. Vinatumia betri ndogo, mara nyingi nne, zilizofichwa upande wa ndani wa mlango. Kinachobeba habari ni kadi yenyewe. Mhudumu anapomwandalia mgeni mpya kadi, huiandikia alama mpya ya chumba pamoja na siku na saa ya kuisha. Kadi hiyo ikigusa kitasa kwa mara ya kwanza, kitasa huitambua na papo hapo huikataa ile ya zamani. Ndiyo maana kadi yako ilifanya kazi hadi usiku ule, kisha ikafa baada ya yule bwana kuingia. Kwa maelezo yako, chumba chako kiligawiwa mara mbili.

Kosa hili hutokea zaidi zamu zinapopishana, au wageni wawili wanapokuwa na jina moja la ukoo. Kisumu akina Otieno wawili kwenye orodha ya siku moja si ajabu, na mhudumu aliyechoka huchagua jina la kwanza analoliona.

Kadi ikikataa ghafla, angalia taa ya kitasa kabla hujatoka hapo. Vitasa vingi hutoa ishara tofauti kwa betri dhaifu na kwa kadi isiyotambuliwa, na fundi wa hoteli anazijua. Ikiwa ni saa ya kutoka, huenda kadi imeisha muda tu. Kama ni ya utepe mweusi wa sumaku, huenda umeiweka pamoja na simu ikaharibika. Sababu hizo tatu hazina hatari. Ya nne, yaani kuna kadi nyingine iliyotengenezwa, ndiyo unayopaswa kuiuliza wazi: "Leo mmetengeneza kadi ngapi za chumba hiki?"

Kisha omba mambo mawili kwa meneja, si kwa mhudumu wa zamu. Kwanza, uhamishwe chumba, na namba ya chumba kipya iandikwe kwenye karatasi, isitamkwe mbele ya watu. Pili, fundi asome kumbukumbu ya kitasa. Vitasa vya aina hii huhifadhi orodha ya waliofungua, kwa kadi ipi na saa ngapi, na kuna kifaa cha mkononi cha kuisoma. Orodha hiyo haibishaniki. Usiku, sukuma komeo la ndani kila unapolala. Katika vitasa vingi komeo huzuia kadi ya mgeni, ingawa kadi kuu ya dharura bado inaweza kufungua, kwa hiyo mnyororo wa mlango nao una kazi yake.

Bafu la hoteli niliyolala Kakamega lilikuwa na shawa ya umeme. Maji yalikuwa vuguvugu tu, na nilipogusa mfereji nilihisi mikono ikiwashwa kama nimechomwa na sindano. Mhudumu alisema nivae malapa.
*Mwalimu, Vihiga*

Malapa si jibu, mwalimu, na ushauri huo unatutia hofu. Huo mwasho ni umeme unaovuja. Ndani ya shawa mna koili inayochemsha maji. Ikipasuka au ikiliwa na chumvi, umeme huingia majini. Palipo na waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano, uliofungwa sawasawa, umeme huo huteremka ardhini. Palipo na swichi ya kukata umeme unaovuja, shawa huzimika mara moja. Ukihisi mwasho, ujue ulinzi huo haupo au umekatika. Leo ni mwasho. Kesho koili ikipasuka zaidi, au sakafu ikilowa zaidi, unaweza kuua.

La kufanya: usifunge mfereji kwa mkono. Ondoka chini ya maji, jikaushe, uvae viatu vikavu, kisha zima swichi kubwa ya shawa, ambayo kwa kawaida iko nje ya mlango wa bafu na ina taa nyekundu. Kama swichi iko ndani ya bafu na ukuta umelowa, usiiguse. Waite wazime kwenye sanduku kuu la umeme. Hata mfereji uachwe wazi ukimwaga maji, haidhuru. Omba chumba kingine, na useme wazi kwamba hicho kisipewe mgeni mwingine hadi fundi wa umeme aliyesajiliwa akikague. Fundi aangalie pia unene wa waya: shawa ya wati 5,500 kwenye volti 240 huvuta karibu ampea 23, na waya unaofaa ni wa milimita za mraba 6, si ule wa 2.5 wa soketi. Waya mwembamba hupata moto, plastiki ikaanza kunuka, na taa za chumba hufifia shawa inapowashwa. Ukiziona dalili hizo, usioge.

Kuhusu uvuguvugu, hilo ni suala la kasi ya maji. Wati 5,500 zikipasha lita 3 kwa dakika, joto hupanda kwa nyuzi 26 hivi. Maji ya nyuzi 20 yatatoka na nyuzi 46, na huo ni moto wa kutosha kabisa. Fungua mfereji hadi lita 6 kwa dakika, na joto litapanda nyuzi 13 tu. Basi punguza maji, usiongeze. Kwenye ghorofa ya juu kabisa kasoro hugeuka: tangi liko mita moja au moja na nusu juu ya shawa, msukumo ni mdogo mno, na swichi ya ndani inayosubiri msukumo haiwaki, kwa hiyo maji hutoka baridi kabisa. Chumba cha ghorofa ya chini kidogo hutatua jambo hilo bila fundi. Na usibadilishe kitufe cha moto na baridi maji yakiwa yanatiririka. Hivyo ndivyo koili nyingi huungua.

Karibu na ufuo wa Dunga, Kisumu, wadudu wadogo walijaa chumbani usiku, asubuhi tukakuta lundo chini ya taa likinuka kama omena. Je, hoteli ilikuwa chafu?
*Mzee, Eldoret*

Hapana, mzee wetu. Hao ni wadudu wa ziwa. Mabuu yao hukaa kwenye matope na maji ya Ziwa Victoria, na hutoka kwa wingi hasa karibu na mwandamo wa mwezi, wakipanda juu ya maji kama moshi. Hawaumi wala hawanyonyi damu, na huishi siku chache tu, lakini mwenye pumu asikae katikati yao. Wanafuata taa. Jua huzama Kisumu karibu saa 12:45 jioni. Funga madirisha saa 12, zima taa ya chumba, acha ya bafuni ikiwaka na mlango wake umefungwa. Hoteli inayojali huweka taa ya njano nje na kufagia alfajiri.

Ila chandarua kisiachwe. Kando ya ziwa malaria ipo mwaka mzima, na mbu hupita humo humo katikati ya wadudu wasio na hatia. Kiinue chandarua kwenye mwanga, tafuta matundu, funga kwa uzi lolote linalopitisha ncha ya kidole, kisha kichomeke chini ya godoro pande zote nne. Kikiwa hakitoshi kitanda, omba kingine kabla hujalala.

Tulikaa Nakuru siku tatu na mtoto wa miaka miwili. Nilichemsha maji ya mfereji kwa birika la chumbani. Baadaye jirani akaniambia maji ya Nakuru huharibu meno, na kuyachemsha hakusaidii.
*Mama, Kericho*

Jirani amesema kweli, lakini siku tatu zisikunyime usingizi, mama. Kinachozungumziwa ni floraidi. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huitia kwenye maji ya visima, na mahali pengi kiwango hupita miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Meno yanayopata madoa ya kahawia ni ya watoto waliokunywa maji hayo kwa miezi na miaka wakati meno yakijijenga ndani ya ufizi.

Kuchemsha huua viini, na kwa hilo ulifanya vyema. Nakuru iko juu, karibu mita 1,850, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na bado dakika moja ya kutokota inatosha. Lakini floraidi haipotei kwa mvuke. Maji yakipungua birikani, yenyewe huzidi kukolea. Chujio la kawaida la udongo nalo haliitoi. Huondolewa kwa mkaa wa mifupa, njia ambayo imetumika Nakuru kwa miaka mingi, au kwa mitambo ya kuchuja kwa shinikizo. Kwa hiyo hotelini usiulize "maji ni safi?", kwa kuwa kila mtu atajibu ndiyo. Uliza: "Ni ya kisima au ya mvua, na mnayachuja kwa kitu gani?" Kwa mtoto anayekaa zaidi ya wiki, nunua maji ya chupa ambayo lebo yake inaonyesha kiwango kidogo cha floraidi.

Rangi isikuchanganye. Floraidi haina rangi wala harufu. Maji ya kahawia ni kutu au tope la tangi, na ule ukoko mweupe wa birika ni chokaa, haudhuru.

Niliambiwa chumba ni Sh4,500, risiti ikaja Sh5,310. Nimeibiwa?
*Kijana, Busia*

Uliotajiwa ni msingi tu. VAT ya asilimia 16 ni Sh720, na tozo ya utalii ya asilimia 2 ni Sh90, jumla Sh5,310. Hesabu ni sawa, aliyekosea ni aliyetaja bei isiyokamilika. Siku nyingine uliza "bei ya mwisho, kodi zote zikiwemo?" na uombe jibu kwa ujumbe.

Nilituma Sh6,000 za amana kwa M-Pesa, kwa namba niliyopewa kwenye WhatsApp, kwa ajili ya harusi Kisumu. Nilipofika, chumba hakikuwepo.
*Dada, Nakuru*

Soma kwanza ujumbe wa M-Pesa: unaonyesha jina la aliyepokea. Jina likiwa la mtu binafsi wakati hoteli ina namba yake ya malipo, yawezekana hoteli haikupata hata senti. Tuma ujumbe huo mara moja kwa namba 456 ya Safaricom kuomba malipo yazuiwe, kwa sababu pesa zikishatolewa njia hiyo imefungwa, kisha ripoti polisi. Kabla ya amana ijayo, piga simu kwa namba ya mezani au ile iliyobandikwa mlangoni pa hoteli, na usome namba ya malipo nao.

Pesa zikiwa zimefika kwa hoteli, basi wameuza vyumba kupita idadi yao. Hilo hutokea mji unapojaa, kama Kisumu ilipopokea Africities, mkutano wa miji ya Afrika, Mei 2022. Hoteli huuza vichache vya ziada ikitegemea kwamba baadhi ya wageni hawatafika, na wote wakifika, anayechelewa ndiye anayekosa. Ukifika baada ya saa 12 jioni, pigia simu mchana useme unakuja. Ukikuta hakuna chumba, usikubali kurudishiwa amana na kuachwa barabarani. Dai wakutafutie chumba cha hadhi ile ile, walipe ziada ya bei na nauli ya kukufikisha huko. Mwombe meneja aandike kwa sahihi kwamba ulilipa na chumba hakikuwepo.

Akikataa, Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya huduma ya ubora unaofaa na fidia kwa hasara. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, si lazima uwe na wakili, na sheria yake ya 2016 inataka uamuzi ndani ya siku 60. Nenda na ujumbe wa M-Pesa, mazungumzo ya WhatsApp yaliyochapishwa, na risiti ya chumba ulikolala usiku ule.