Sukari kushuka katikati ya mbio ndefu: swali na jibu

Swali: Habari za kazi, daktari. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, sina kisukari wala situmii dawa yoyote. Nimezoea nusu marathoni, sasa najiandaa kwa marathoni kamili. Nikiamka nakunywa bilauri kubwa ya maji ya glukosi, na baada ya dakika kama 45 natoka kukimbia. Ikifika dakika ya 15 au 20 mikono inatetemeka, kijasho chembamba kinanitoka, miguu inalegea. Nikivumilia inapita. Nikifika kilomita ya 27 au 28 inarudi kwa sura nyingine: nawakaripia wenzangu bila sababu na nashindwa hata kupiga hesabu ya kilomita zilizobaki. Siku moja nilisimama nikajipima papo hapo, mashine ikasoma 3.3. Asubuhi kabla ya kula huwa 4.8. Je, hiki ni kisukari kinanianza? Na niongeze glukosi ya asubuhi?

Jibu: Usiiongeze, dada. Na kisukari kiondoe mawazoni: 4.8 mmol/L kabla ya kula ni sukari ya mtu mzima wa afya. Wenye kisukari hushukiwa na sukari hasa kwa sababu ya insulini au vidonge wanavyotumia, na wewe hutumii.

Umenieleza matukio mawili ukidhani ni moja. La dakika ya 15 linaletwa na sukari uliyokunywa kwa saa isiyofaa. La kilomita ya 28 linatokana na kukaa muda mrefu bila kuingiza sukari yoyote. Ukiyatibu kwa dawa moja, utapunguza hili na kuzidisha lile.

Tuanze na la kwanza. Glukosi ya kunywa tumboni mtupu huingia kwenye damu upesi, na kongosho hujibu kwa kumwaga insulini. Baada ya dakika 30 hadi 60 insulini huwa juu sana, na wewe ndipo unapoanza kukimbia. Insulini inaiambia misuli ivute sukari, na inaliambia ini liache kutoa akiba yake. Wakati huohuo misuli inayofanya kazi huvuta sukari yenyewe, hata bila kuamrishwa na insulini. Mivuto miwili kwa mpigo, na bomba la ini limefungwa! Damu yako yote ina glukosi ya gramu 4 au 5 tu, yaani kijiko kimoja cha chai, kwa hiyo haichukui muda kushuka. Ikishuka, mwili humwaga homoni za adrenalini na glukagoni ili ini lifungue tena. Kutetemeka na kijasho ni kazi ya adrenalini, na hali hiyo kupita yenyewe ni dalili kwamba ini limeshaitikia. Wakimbiaji wengi hushuka hivi bila kuhisi chochote. Wachache huhisi sana, nawe ni mmoja wao.

Tiba yake ni kuhamisha saa. Kama unaweza kuamka mapema, kula mlo wa wanga saa 2 au 3 kabla ya kutoka, ili insulini iwe imeshatulia. Kipimo kinachotumika ni gramu 1 hadi 4 za wanga kwa kila kilo ya mwili, katika saa 1 hadi 4 kabla ya mbio. Kadiri muda unavyokuwa mfupi ndivyo kiasi kinavyopungua. Kama huwezi kuamka mapema hivyo (na ni wachache wanaoweza kila siku), kunywa glukosi yako dakika 5 kabla ya kuanza, au subiri mwili upate moto kwanza. Ukishaanza kukimbia, adrenalini hulizuia kongosho kumwaga insulini ovyo, na sukari ileile iliyokuwa ikikuangusha inakuwa chakula. Kupasha mwili kwa mbio fupifupi za kasi nako husaidia, kwa sababu hiyohiyo.

La pili ndilo zito. Ini lililoshiba lina akiba ya glaikojeni (sukari iliyohifadhiwa) ya karibu gramu 100, na sehemu kubwa ya akiba hiyo huliwa usiku umelala, kwa kuwa ubongo haufungi duka. Misuli ina akiba kubwa zaidi, gramu 300 hadi 500, lakini misuli ni michoyo: haina kimeng'enya cha kuirudisha glukosi kwenye damu. Sukari iliyo pajani haiwezi kuufikia ubongo. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na miguu inayosogea bado huku kichwa kimeshakata moto. Ukali kwa wenzako na hesabu kukataa ni ubongo unaolalamika njaa.

Jambo hili si geni. Madaktari walipima damu ya wakimbiaji wa marathoni ya Boston mwaka 1924, wakakuta waliomaliza wakiwa hoi na wamechanganyikiwa ndio ambao sukari yao ilikuwa imeshuka sana. Mwaka uliofuata baadhi ya wakimbiaji walipewa wanga zaidi kabla ya mbio na peremende njiani, wakamaliza wakiwa na hali nzuri zaidi. Imepita karne nzima, na bado naletewa watu waliokimbia kilomita 30 kwa maji matupu wakiamini kwamba ni ukakamavu.

Kwa mbio zinazozidi saa moja na nusu, lenga gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Anza dakika ya 30, usingoje dalili. Jeli nyingi za wanariadha zina gramu 20 hadi 25 kila pakiti, ila soma pakiti yako kwa sababu zinatofautiana. Pakiti moja kila nusu saa, pamoja na maji, inakufikisha kwenye gramu 40 hadi 50. Ukipenda kinywaji, kiwe na gramu 60 hadi 80 za sukari kwa lita. Kizito kuliko hapo hukaa tumboni. Wanaokimbia zaidi ya saa 2 na nusu huweza kupanda hadi gramu 90 kwa saa, lakini kwa mchanganyiko wa glukosi na fruktosi (sukari ya matunda). Utumbo hupitisha glukosi peke yake kama gramu 60 kwa saa, ila fruktosi ina mlango wake. Ukilazimisha glukosi tupu, inayobaki itavuta maji kwenye utumbo na utatafuta choo badala ya mstari wa kumalizia. Tumbo nalo hufundishwa: lizoeze kwenye mazoezi marefu wiki kadhaa kabla, usijaribu kitu kipya siku ya mashindano.

Dalili zikikukuta njiani, acha kukimbia, tembea, na uchukue gramu 15 hadi 20 za sukari ya haraka: jeli, soda ya kawaida au juisi (zile zisizo na sukari hazisaidii hapa). Subiri kama dakika 15. Ukirudi sawa unaweza kuendelea taratibu huku ukila. Kichwa kisipofunguka, mbio zako zimeisha leo, omba msaada. Waambie na wenzako kwamba aliyepoteza fahamu hanyweshwi kitu, atapaliwa.

Lipo tatizo linalofanana na hili na tiba yake ni tofauti kabisa. Aliyekunywa maji kupita kiasi anaweza kushusha chumvi ya damu, naye pia huchanganyikiwa. Huyo mara nyingi kichwa kinamuuma, ana kichefuchefu, vidole vimevimba na uzito wake umeongezeka badala ya kupungua. Usimwongezee maji. Mpelekeni hospitali.

Kuhusu ile 3.3: futa kidole kabla ya kupima, kwa sababu jeli iliyoganda kidoleni hudanganya mashine kwenda juu. Vifaa vya kubandika mkononi vina kasoro yake pia. Vinasoma majimaji yaliyo kati ya seli, kwa hiyo ukiwa unakimbia vinaonyesha sukari ya dakika kadhaa zilizopita. Hujaniambia kama dalili ziliondoka ulipokula. Tunatafuta mambo matatu kwa pamoja, aliyoyaeleza daktari wa upasuaji Allen Whipple: dalili, kipimo kilicho chini, na nafuu baada ya sukari. Kwa mtu asiye na kisukari, kipimo kinachonishtua ni kile kilicho chini ya 3.0. Kusoma 3.3 baada ya kilomita 28 bila chakula kuna maelezo yake.

Ila nenda ukapimwe ikiwa sukari inashuka ukiwa umekaa tu au usingizini, ikiwa umewahi kuzirai, ikiwa ulifanyiwa upasuaji wa tumbo, au ikiwa unapungua uzito na ngozi inakuwa nyeusi kuliko kawaida yako. Pombe ya jana yake hulizuia ini kutengeneza sukari mpya. Kwinini hushusha sukari pia, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu huficha mtetemeko na moyo kwenda mbio, usijue kinachokujia. Na kwa mwanamke mkimbiaji nauliza daima: siku zako zinakuja kama kawaida? Zikikatika, huenda unakula kidogo kuliko unachochoma kila siku, na hapo jeli za njiani hazitatosha.

Msomaji anayetumia insulini asifuate vipimo hivi. Yeye anahitaji mpango wa daktari wake, wa kupunguza dozi kabla ya mbio na kulinda usiku unaofuata, kwa sababu sukari yake inaweza kushuka hata saa 24 baadaye.

Wewe jaribu kuhamisha saa na kula njiani kwa mazoezi marefu yajayo. Ile ya kilomita ya 28 ikiendelea hata baada ya gramu 50 kwa saa, nenda kliniki ukiwa na orodha ya ulichokula, saa uliyokula, na sukari uliyopima dalili zikiwa bado zipo. Kipimo cha kesho yake asubuhi hakitamwonyesha daktari kitu.