Re: Kwa nini meli ya kitalii ipandishwe chelezoni na injini ni nzima?

Mdogo wangu, hongera kwa kazi ya melini. Chelezo ni pale meli inapotolewa majini ili itengenezwe. Injini si hoja, shida iko tumboni mwa meli, upande unaozama majini. Baharini viumbe wenye magamba hung'ang'ania chuma kama gundi, meli ikawa nzito na kunywa mafuta. Chelezoni huparuliwa, hupakwa rangi, propela hukaguliwa, na vipande vya zinki hubadilishwa. Vipande hivyo huwekwa makusudi: maji ya chumvi yavile vyenyewe, yaache chuma. Sheria za kimataifa nazo hudai ukaguzi wa sehemu ya chini ya meli.

Ziwani kwetu, Victoria, maji hayana chumvi, ila kutu haina adabu. Pita bandari ya Mwanza Kusini ujionee chelezo.

Usiache kumuuliza mwajiri: siku za chelezoni mshahara unaendelea? Abiria hawapo, lakini makapeti na majiko hung'olewa, kazi ni mchana na usiku.