Maswali na Majibu: Treni ya Mtumba Ikiingia Karakanani

Wiki mbili zilizopita safu hii ilizungumzia treni za dizeli ambazo mji mmoja huachana nazo, mara nyingi baada ya kuweka umeme kwenye reli zake, na mji mwingine ukazichukua ili zibebe watu wanaokwenda kazini asubuhi na kurudi jioni. Barua zimekuja nyingi, na karibu zote zinazunguka jambo moja: iweje treni iliyokwisha kulipiwa, ikapakwa rangi na kupigwa picha, ikae miaka karakanani bila kubeba hata abiria mmoja? Ninajibu baadhi hapa.

Shikamoo mwandishi. Kama treni ilikuwa ikitembea huko ilikotoka hadi siku ya mwisho, kinachokarabatiwa ni nini? (Msomaji wa Iyunga)

Marahaba. Treni inayotembea leo inaweza kuwa imebakiza miezi michache tu kabla ya injini zake kuhitaji kushushwa, na mmiliki anayejua kwamba ataiachia mwakani hana sababu ya kuitengeneza kwa gharama kubwa mwaka huu. Anayeipokea ndiye anayerithi madeni hayo yote kwa pamoja.

Lakini injini siyo inayochelewesha zaidi. Miaka kadhaa iliyopita jirani yangu alinunua Coaster iliyotumika, akaipeleka gereji moja hapa Mbeya kubadilishiwa viti tu, kazi ya siku tatu kwa maelezo ya fundi. Fundi alipobandua mpira wa sakafuni karibu na mlango, akaligusa bati kwa bisibisi, nayo bisibisi ikazama hadi kwenye mpini. Siku tatu zikawa wiki saba, kwa sababu chini ya bati lile fremu ilikuwa imeliwa na kutu, na kando ya fremu zilipita nyaya ambazo hakuna aliyepanga kuzigusa. Treni nayo huoza palepale maji yanapojificha, yaani chini ya vizingiti vya milango na kuzunguka choo, na treni za zamani zaidi huweza kuwa na asibesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, ambayo haiondolewi na fundi yeyote mwenye nyundo bali na watu wenye mavazi na vibali maalumu. Tarehe ya kukamilika hutangazwa kabla sakafu haijabanduliwa. Kwa maoni yangu huo ndio mzizi wa ucheleweshaji mwingi, na visingizio vinavyotolewa baadaye ni matawi tu.

Nimesikia kwamba hata Uingereza walichelewa. Ni kweli, au ni maneno ya kujifariji? (Msomaji wa Mafinga)

Ni kweli, na mifano miwili inatosha. Wa kwanza ni treni zinazojulikana kwa namba 769. Hizi zilikuwa treni za umeme, za namba 319, zilizojengwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na wazo lililotangazwa mwaka 2016 lilikuwa kuzifungia injini za dizeli chini ya sakafu ili zifike kwenye njia zisizo na umeme. Kaskazini mwa Uingereza zilitarajiwa mwaka 2018. Wales, ambayo nayo ilizichukua, ilianza kuzitumia mwishoni mwa 2020, na huko kaskazini zilianza 2021. Kampuni ya tatu iliagiza treni 19, ikasubiri, ikafundisha madereva, na mwishoni mwa 2022 ikatangaza kuziacha kabla hazijabeba abiria. Ukiunganisha mfumo wa dizeli na mfumo wa umeme wenye umri wa miaka thelathini, kila mmoja unataka kueleweka upya, na kila hitilafu moja inayorekebishwa hulazimu majaribio kurudiwa.

Mfano wa pili unanifurahisha zaidi, ingawa mwisho wake ni mchungu. Kampuni ya Vivarail ilinunua mabehewa ya treni za chini ya ardhi za London, ambayo mabodi yake ni ya alumini na kwa hiyo hayakuwa na tatizo kubwa la kutu, ikayafungia injini za dizeli za aina ileile inayotumika kwenye pikapu ya Ford Ranger. Fikra ilikuwa nzuri sana: injini ikiharibika inachomolewa na kuwekwa nyingine kwa muda mfupi, kwani spea zake zinapatikana kila mahali. Hata hivyo treni ya majaribio ilishika moto Desemba 2016. Wales iliagiza treni tano mwaka 2018, na zilianza kubeba abiria kati ya Wrexham na Bidston Aprili 2023, miezi michache baada ya kampuni yenyewe kufilisika. Mnunuzi wa treni ya mtumba hujifunga pia na maisha ya karakana inayoikarabati, na karakana ndogo yenye wateja wawili watatu haihimili malipo yanayochelewa.

Treni zile walizonunua Kenya zingeweza kuletwa huku kwetu? (Msomaji wa Makambako)

Kwa upana wa reli, hapana. Kenya ilichukua treni 11 za dizeli zilizokuwa zikihudumu kisiwa cha Mallorca nchini Uhispania, na huduma ya Nairobi ikazinduliwa Novemba 2020. Mojawapo ya sababu za kuchagua treni zile ni kwamba reli ya Mallorca na reli ya zamani ya Kenya zote zina upana wa milimita 1,000. TAZARA, reli yetu ya kwenda Zambia, ni milimita 1,067, na hizo milimita 67 ndizo zinazofanya mizigo ihamishwe kutoka behewa hadi behewa pale Kidatu. Kubadilisha magurudumu na ekseli kunawezekana, ila ni kazi inayoingia hadi kwenye giaboksi na breki, na muda wake hauhesabiwi kwa wiki.

Mfano unaotufaa zaidi ni wa Perth, Australia. Walipoweka umeme mwanzoni mwa miaka ya 1990, treni zao za dizeli ziliuzwa Auckland, New Zealand, zikaanza kazi 1993, na baadhi zilibeba abiria hadi 2022. Miji yote miwili ina reli ya milimita 1,067.

Mimi naishi Uyole. Je, milima yetu haiwezi kuishinda treni iliyozoea tambarare? (Msomaji wa Uyole)

Wewe unaishi karibu na kilele cha reli yenyewe, maana sehemu ya juu kabisa ya TAZARA iko hapo Uyole, mita 1,789 juu ya usawa wa bahari. Injini ya dizeli isiyo na tabo, yaani kifaa kinachosukumia injini hewa ya ziada, hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300, kwa hiyo ikifika kwako imeacha njiani karibu moja ya sita ya nguvu zake. Yenye tabo hujitahidi, lakini hewa nyepesi hupoza radieta kwa shida, na joto likipanda treni hujizima au dereva hulazimika kupunguza mwendo. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mteremko wa Makambako kwenda Mlimba, ambako breki za treni ya mjini, zilizoundwa kusimama na kuondoka kila baada ya dakika tatu, zitatakiwa kushikilia kwa muda mrefu mfululizo. Mambo haya hupimwa kabla ya kununua. Yakipimwa baada ya kununua, yanaitwa ucheleweshaji.

Kwa nini wasinunue mpya tu? (Msomaji wa Tukuyu)

Mpya nayo huagizwa leo ikafika baada ya miaka kadhaa, na bei yake ni mara nyingi ya bei ya mtumba. Mtumba uliokaguliwa vizuri bado ni biashara halali.

Nitajuaje kama tarehe iliyotangazwa ni ya kuaminika? (Msomaji wa Mbeya mjini)

Uliza ni treni ngapi zimekwisha kufunguliwa hadi kwenye fremu. Ikiwa hakuna, tarehe ni makisio. Uliza pia nani anatengeneza spea za giaboksi ile leo, na kama madereva wameanza kufundishwa, kwa sababu treni iliyokamilika bila dereva mwenye cheti hubaki imeegeshwa vilevile.

Sisi wa Mlimba tulizoea kipisi, ile treni fupi ya abiria ya TAZARA. Treni hizi zingefanya kazi ile? (Msomaji wa Mlimba)

Kipisi kilibeba watu pamoja na magunia yao ya mpunga, kuku na mikungu ya ndizi. Treni ya kwenda kazini imejazwa viti na nguzo za kushikilia, na gunia halipiti kati yake. Ingebidi kung'oa viti vya behewa moja zima na kuimarisha sakafu yake, na hapo tunarudi kwa yule fundi mwenye bisibisi.