Laptopu na muziki mzuri sebuleni: pesa iende kwenye spika kwanza

Mkuu mleta mada, umesema una laptopu, sebule ndogo ya kupanga na laki nane, halafu unauliza uanze na DAC (kifaa cha kugeuza muziki wa kidijitali kuwa sauti ya kupeleka kwenye spika) au ubebe sabufa ya wati elfu kumi. Nimesikilizia muziki kwenye kompyuta nyumbani miaka mingi, na ningekuwa wewe vyote hivyo vingesubiri. Tafuta kwanza spika mbili za maana.

Hizo wati elfu kumi ni za PMPO, hesabu ya kuuzia boksi. Igeuze sabufa usome nyuma inakula umeme kiasi gani. Ukikuta 60W, basi ujue haiwezi kutoa zaidi ya hapo, na nyingine inaishia kuwa joto. Wala huhitaji wati nyingi. Spika ya kawaida ya nyumbani, ukiipa wati moja tu, inatoa kama desibeli 86 kwa umbali wa mita moja, na hizo ni kelele za kutosha kuudhi jirani. Ili uongeze desibeli 3 lazima uzidishe wati mara mbili. Kwa hiyo kutoka wati 50 kwenda 100 masikio yatapata tofauti ndogo, mfuko ndio utakaoisikia vizuri.

Mimi nimetulia na monita, zile spika za studio zenye amplifaya ndani yake. Mfano Yamaha HS5: kila spika ina wati 45 za wufa (ya sauti nzito) na 25 za twita (ya sauti nyembamba), kila moja na amplifaya yake. Mpya zinaweza kukushinda kwa bajeti hiyo, lakini zipo monita ndogo za wufa ya inchi tatu na nusu au nne zinazotosha sebule ndogo. Ila usitegemee besi ya disko. HS5 yenyewe inaanza kulegea chini ya Hz 74 (mitetemo 74 kwa sekunde; namba ikishuka, sauti ni nzito zaidi), wakati uzi mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi uko Hz 41. Kama unapenda dansi la zamani gitaa utalisikia na kulifuata noti kwa noti, ila kifua hakitatikisika. Sabufa nzuri utaongeza baadaye.

Ukipendelea amplifaya ya mtumba na spika za mbao, sawa kabisa, zipo nzuri sana. Ila soma kibandiko cha nyuma kabla hujalipa. Zilizotengenezwa kwa soko la Japani ni za volti 100, za Marekani 120. Ukichomeka kwenye 230 yetu bila transfoma ya kushusha, umenunua moshi.

Sasa DAC. Laptopu nyingi za siku hizi zina sauti safi kuliko zinavyosemwa. Chomeka kwanza kwenye tundu la hedifoni usikilize. Ukisikia mikwaruzo mausi ikisogea, au sauti ya "shhh" ya chini chini wimbo ukisimama, hapo nunua DAC ya USB, na ya bei ndogo inatosha. Hata ile adapta ya hedifoni ya Apple ya USB-C, inayouzwa dola 9 Marekani, inafanya kazi kwenye kompyuta bila aibu. Ukisikia mvumo unaopotea ukichomoa chaja, tatizo ni umeme unaozunguka kupitia ethi (waya wa ardhini) kati ya laptopu na spika. Tafuta kifaa cha kutenganisha kinachowekwa kwenye waya wa sauti, au DAC yenye njia ya waya wa balansi (waya wa sauti unaofuta kelele za njiani). Fundi akikwambia ukate ethi ya spika, mkatalie. Hiyo ndiyo inayokulinda usipigwe shoti.

Kuhusu faili, FLAC (iliyobanwa bila kupoteza kitu) au MP3 ya 320 kbps (kilobiti kwa sekunde) zote poa. Ubora wa CD, yaani biti 16 na kHz 44.1, unabeba sauti hadi karibu kHz 22, na sikio la kijana linaishia kwenye 20, la mzee chini zaidi. Usihangaike na faili za kHz 192. Kinachoumiza ni zile nyimbo zilizorekodiwa Radio Tanzania kwenye kanda, ambazo zimebanwa upya tena na tena mpaka zimebaki MP3 ya 128 kbps. Kuzigeuza FLAC kunaongeza ukubwa wa faili tu, kilichopotea hakirudi. Programu ya kupigia, foobar2000 ni bure.

Jambo la mwisho halina gharama kubwa, na ndilo linalobadilisha sauti kuliko DAC yoyote: sebule zetu ni marumaru chini, vioo vya alumini pembeni, kila kitu kinarudisha mwangwi. Weka kapeti na mapazia mazito. Spika zitoe kwenye kona, twita ziwe usawa wa masikio ukiwa umekaa, na umbali kati yake ulingane na umbali wa kila moja hadi kwako. Besi ikivuma kupita kiasi, sogeza kochi mbele lisigusane na ukuta kabla ya kulaumu spika.

Weka hapa picha ya sebule, tuone kochi na soketi viko upande gani.