Tairi pana zitanivusha tope la Ahero?

SWALI: Fundi, hujambo? Mimi ni mwalimu, naishi Ahero, karibu na Kisumu. Mwaka jana nilinunua baiskeli ya changarawe ya mtumba, ile yenye usukani uliopinda chini na breki za diski. Tairi zake ni 700x32, nazijaza upepo hadi psi 80. Kila Jumamosi nazunguka juu ya kingo za mifereji ya mpunga kisha narudi kando ya mto Nyando. Pancha zimenichosha: safari moja, mbili au tatu. Tena mwezi wa nne gurudumu la nyuma lilijaa tope likagoma kabisa, nikabeba baiskeli begani kama kilomita mbili, watoto wananicheka. Nimeona video za Waholanzi wakiendesha kando ya mifereji yao kwa tairi za milimita 45. Ninunue hizo? Na tyubu nizitoe? Nina kilo 78.

JIBU: Mwalimu, sijambo. Pesa iache mfukoni kwanza, utafute alenki ya namba 6, ule ufunguo wa pembe sita wenye unene wa milimita 6. Ipitishe kati ya tairi na fremu kila mahali: ubavuni kulia na kushoto kwenye foku, juu ya tairi, halafu nyuma, pale vyuma viwili vinavyotoka kwenye pedali vinapolibana gurudumu. Hapo nyuma ndipo fremu nyingi hufeli. Alenki ikipita bila kukwaruza una milimita 6 za nafasi, na pungufu ya hizo mimi simfungii mtu tairi.

Sasa piga hesabu. Kutoka 32 kwenda 40 ni milimita 8, yaani nne kila ubavu, na juu ya tairi huongezeka karibu nane nzima. Ili ubaki na zile 6 ubavuni, leo hii alenki ya 6 na ya 4 zinapaswa kupita hapo pamoja zikiwa zimelaliana. Kwenda 45 ni sita na nusu kila ubavu, na baiskeli iliyokuja na 32 ni nadra kuwa na nafasi hiyo. Kumbuka pia kwamba namba iliyochapwa ubavuni si ahadi: tairi ya 40 kwenye rimu pana hutanuka milimita moja au mbili zaidi.

Tuje kwenye pancha. Tyubu iliyotoboka usiizibe kabla hujaisoma. Ijaze upepo, izamishe kwenye karai la maji, uangalie mapovu yanatoka wapi. Matundu mawili yaliyokaa ubavu kwa ubavu yanamaanisha tairi iligonga kitu ikalala, na tyubu ikabanwa na rimu. Hiyo ni pancha ya upepo mdogo. Tundu moja dogo upande wa nje ni mwiba. Kwa psi 80 nina hakika yako ni ya mwiba. Watu wa Kano, tambarare hii yetu, hufunga mashamba kwa matawi ya migunga, ng'ombe huyavuta hadi njiani, na kiangazi mbigili hutambaa pembeni ya njia na kumwaga vile vijiwe vyake vyenye pembe.

Lakini pancha tatu kwa safari moja huwa mara nyingi ni mwiba mmoja. Mtu anatoa tyubu, anaziba, anarudisha, na ncha ya mwiba bado imo ndani ya mpira wa tairi, haionekani wala haishikiki. Chukua kipande cha pamba, kizungushe polepole ndani ya tairi yote. Kidole kitakudanganya, au kitachomwa, lakini pamba itanasa. Palipobaki nyuzi, ng'oa kwa koleo ndogo. Nimewatoza watu pesa ya kazi hii mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Psi 80 ni upepo wa lami. Ukipita nao juu ya nyayo za ng'ombe zilizokauka, baiskeli inaruka badala ya kuviringika, na nguvu unayodhani inakupeleka mbele inaishia kwenye mikono na kiuno. Kwa kilo zako, kwenye hizo 32 weka 50 mbele na 55 nyuma. Ukipata 40, weka 35 mbele na 40 nyuma ukiwa na tyubu. Bila tyubu unaweza kushuka hadi 28 na 32. Nyuma huzidi mbele kwa sababu ndiko uzito wako ulikokaa. Na tafadhali usiende kujaza kwenye pampu ya kituo cha petroli. Mashine ile imetengenezewa gari, hewa yake huingia kwa fujo, na tairi ya baiskeli inaweza kupasuka kabla mshale haujatulia. Pampu ya mguu yenye geji itakutosha miaka.

Sababu ya kweli ya kutaka tairi pana huku kwetu ni kiangazi. Udongo mweusi wa Kano ni mfinyanzi unaovimba ukinywa maji na kujikunyata ukikauka. Mwezi wa pili nenda pale ambapo maji hayajafunguliwa siku nyingi, uinamie ukingo. Utaona nyufa ambazo vidole viwili vinaingia, na baadhi zinafuata urefu wa njia. Tairi ya 32 huingia humo kama treni kwenye reli. Gurudumu la mbele linashikwa, usukani hausikii, na wewe unaelekea mferejini. Tairi ya 40 yenye upepo wa wastani hupita juu ya nyufa nyingi za aina hiyo. Kwa hilo, ndiyo, nunua.

Kwa tope, hapana. Hapo ndipo video zimekupoteza. Waholanzi walichimba mfereji wa kutoka Amsterdam hadi Haarlem miaka ya 1630, na mashua zake zilivutwa na farasi waliotembea kando ya maji. Njia za namna hiyo zilijengwa zikanyagwe, zikashindiliwa kwa miaka mamia, na nyingi leo zina lami au changarawe. Ukingo wa Ahero ulijengwa uzuie maji. Ni udongo ule ule uliotolewa mferejini ukarundikwa pembeni, na kila wakulima wakizoa matope na magugu wanaongeza tabaka jingine juu. Tabaka hilo hukauka ngozi tu, ndani likabaki uji. Ndiyo maana unaweza kukwama hata Januari: jua linawaka, lakini maji ya pampu kutoka Nyando yamefunguliwa kwa ajili ya kulainisha majaruba, na ukingo unavuja taratibu kutoka upande wa pili.

Mwezi wa tano niliwahi kuletewa baiskeli ya mteja kutoka Kano Magharibi, kule maji yanakopandishwa kwa pampu kutoka ziwani. Kati ya tairi na fremu palikuwa na tofali. Udongo ulichanganyika na mabua ya mpunga, gurudumu likaufinyanga, jua likaukausha. Nilikwangua kwa bisibisi na mwiko mkuukuu wa ugali karibu saa nzima. Mwenyewe hakushuka alipohisi uzito, alisimama kwenye pedali akasukuma. Bua likaingia kwenye kibadilisha gia cha nyuma, kikavutwa hadi kwenye spoki, na kile kisikio cha alumini kinachokishika kwenye fremu kikakatika. Kisikio chenyewe ni kidogo kama kidole gumba, lakini kila fremu ina umbo lake, na kukipata kinacholingana kulituchukua wiki tatu.

Tairi pana isingemsaidia. Ingemla zaidi, kwa sababu inakula nafasi ambayo tope lingepitia. Wewe pima njia, usipime tairi. Shuka, kanyaga kwa kisigino kwa nguvu. Kisigino kikiacha alama kavu, endelea. Kikiondoka na udongo umeganda kwenye soli, geuka utafute barabara ya marramu. Baada ya mvua kubwa mimi husubiri siku tatu za jua kabla ya kupanda kingo, na kati ya Machi na Mei huwa sizigusi kabisa. Hata wenye mashamba watakushukuru, kwa maana tairi kwenye ukingo laini huchora mfereji mdogo, na maji hayahitaji mwaliko. Madigadi yang'oe. Ukinaswa hata hivyo, shuka mara moja, usikanyage pedali tena, toa tope kwa kijiti, kisha sukuma baiskeli juu ya nyasi.

Na usiingie mferejini kuiosha. Kichocho kipo kwenye maji ya mifereji ya Kano, na minyoo yake huingia kupitia ngozi. Huhitaji kunywa tone. Tope likikauka hudondoka kwa brashi.

Kuhusu kutoa tyubu: kwa 32, achana nalo. Kwa 40, fanya ikiwa rimu zako zimetengenezwa kwa kazi hiyo. Fundi yeyote mzoefu atakuonyesha mgongo unaoshika mdomo wa tairi. Dhidi ya mbigili hakuna dawa inayoizidi ile gundi ya majimaji inayomiminwa ndani ya tairi isiyo na tyubu. Mwiba unaingia, gundi inaziba, wewe hujui. Weka mililita 60 kwa kila tairi. Lakini kwa joto letu hukauka ndani ya miezi miwili au mitatu, na ukisahau unabaki na tairi iliyopakwa mpira mkavu, haizuii kitu. Kama wewe si mtu wa kuweka tarehe kwenye kalenda, baki na tyubu ambazo kijiti cha valvu kinafunguka, umimine gundi hiyo humo humo. Haifanyi kazi vizuri kama bila tyubu, ila haikusumbui.

Jambo moja kabla hujaenda soko la Kibuye kutafuta tairi. Utaonyeshwa tairi iliyoandikwa 28 x 1½, uambiwe 28 na 700 ni kitu kimoja. Hiyo ni ya Black Mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo, rimu yake ina kipenyo cha milimita 635. Yako ni 622. Itaingia kirahisi kwa sababu imezidi rimu yako, lakini itakutoka njiani. Soma ile namba ndogo iliyochongwa ubavuni. Unatafuta 40-622, au 38-622 kama alenki zako mbili zimekataa kupita pamoja.