Mama Mkwe Hakuharibii Asubuhi, Anaibeba

Msomaji wetu wa Uyole, Mbeya, mama wa watoto wawili walio darasa la pili na la tano, ameandika kwamba tangu mwezi wa Mei anajaribu kufuata ratiba ya asubuhi aliyoipata kwa mhamasishaji mmoja kwenye simu: kuamka saa 10 alfajiri, kuoga maji ya baridi, kufanya mazoezi nusu saa, kusali, kusoma kurasa 10 za kitabu, kuandika malengo ya siku, kisha kunywa chai kwa utulivu kabla ya kwenda kazini mjini. Anasema ratiba hiyo haijawahi kumaliza wiki moja, na wanaoikwamisha ni wawili. Wa kwanza ni mama mkwe, aliyekuja kutoka Tukuyu, wilayani Rungwe, kutibiwa magoti, ambaye "anaamka saa 11 na kugonganisha masufuria, anawasha mkaa, anawaamsha watoto kabla sijamaliza mambo yangu". Wa pili ni mume, mfanyabiashara wa viazi, ambaye "analala hadi saa 1 na hanipi ushirikiano wowote". Amemwomba mama mkwe abaki chumbani kwake hadi saa 1 asubuhi, na tangu siku hiyo mama amekuwa kimya. Anauliza afanye nini ili apate asubuhi yenye utulivu bila kuvunja ndoa yake.

Binti yangu, pole. Uchovu wa mama mwenye watoto wa shule na kazi ya kuwahi ninaujua, na kutamani nusu saa ya kimya si dhambi. Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na kila niliporudia nilizidi kumhurumia mama mkwe wako.

Hebu tuitazame barua hiyo pamoja. Umenieleza dakika kwa dakika unachofanya kuanzia saa 10 hadi saa 12, ambapo unasema unakuwa mezani ukiandika malengo. Ukurasa unaofuata unasema watoto hutoka nyumbani saa 12:20 ili wawahi shule. Katika dakika hizo 20 watoto wawili wameamka, wamenawa, wamekunywa uji, wamevaa soksi na viatu, na wamefika barabarani wakiwa na madaftari yao. Hukuandika popote ni nani aliyepika uji huo. Hukuandika kwa sababu umeuzoea, na mtu akishazoea kubebwa husahau kwamba kuna anayembeba. Masufuria unayoyasikia yakigongana ndiyo kifungua kinywa cha watoto wako.

Kuna sentensi nyingine uliyoiandika kama lalamiko: kwamba mama mkwe "anaanika sweta za shule juu ya jiko mpaka zinanuka moshi". Wewe unakaa Uyole na unajua jinsi Juni na Julai zilivyo, usiku unaposhuka chini ya nyuzi 10 na baridi ikakaa hadi katikati ya asubuhi. Sweta iliyofuliwa Jumapili mchana, Jumatatu alfajiri bado ina unyevu kwenye makwapa na kwenye pindo za mikono. Mwanamke mzima anaijua kazi hiyo: huigeuza sweta ndani nje, hunyoosha mkono wake juu ya makaa bila kuugusisha, kisha huweka pindo shavuni mwake kuona kama baridi imetoka. Mtoto akivalishwa sweta ya namna hiyo hutoka nje kifua kikiwa na joto. Bibi mwenye magoti mabovu ameinama juu ya jiko gizani kwa ajili ya wajukuu, na jibu alilopewa ni abaki chumbani. Hilo ni kosa, mwanangu, na ni kosa lako.

Mumeo naye umemshtaki kwa uvivu, ilhali ushahidi wa kumtetea umeutoa wewe mwenyewe. Umesema akishashusha mzigo wa viazi hurudi nyumbani saa 5 usiku. Akila na kuoga, analala saa 6, na akiamka saa 1 asubuhi amepata saa 7, ambazo ndizo kiasi cha chini anachohitaji mtu mzima ili mwili na akili vifanye kazi vizuri. Wewe je? Umeandika kwamba usiku "unapitia simu kidogo" hadi saa 6, kisha kengele inalia saa 10. Hizo ni saa 4. Mwili wako unakudai saa 3 kila usiku, na deni hilo unalilipa kwa kuwakemea watoto, ambao unasema siku hizi "wamekuwa wasumbufu bila sababu". Sababu ipo. Mtu aliyelala saa 4 husikia kila sauti kama kelele, hata ya kijiko kwenye kikombe. Mwenye nyumba anayelala vya kutosha ni mumeo, na wewe unamwita mvivu.

Tena hiyo ratiba uliyoiiga haikutengenezwa kwa ajili ya mahali unapoishi. Nchi yetu nzima inatumia saa moja, lakini jua halitufikii wote kwa pamoja. Mbeya iko magharibi zaidi kuliko Dar es Salaam, na kwa miezi hii ya baridi jua la kwenu huchomoza karibu na saa 1 asubuhi, wakati Dar limekwisha kuchomoza kiasi cha nusu saa nyuma. Ukiamka saa 10, mbele yako kuna karibu saa 3 za giza na baridi, na mwili wa binadamu huamshwa na mwanga, wala hauamshwi na nia peke yake. Kuoga maji ya bombani ya Uyole saa 10 ya mwezi wa Julai ni kujitafutia mateso ambayo hayakuongezei chochote. Huyo mhamasishaji sijui anakaa wapi, lakini sikuona katika maelezo yako kwamba ana mtoto wa darasa la pili anayetafuta soksi moja chini ya kitanda. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Asubuhi ya kwako, yenye uji wa moto na bibi anayewaita wajukuu kwa majina yao, umeitupa kwa ajili ya asubuhi ya mtu usiyemjua.

Nitasema jambo hapa kuhusu ndoa za siku hizi, kwa sababu barua za namna yako zimekuwa nyingi. Zamani mtu akiingia kwenye ndoa aliuliza nyumba hii inaamkaje, nani anakoka moto, nani anachota maji, kisha akatafuta nafasi yake. Leo kila mmoja anaingia na ratiba yake mfukoni, na yeyote asiyemo ndani ya ratiba hiyo anaitwa kikwazo: mume kikwazo, mkwe kikwazo, hata mtoto anayeomba afungwe kamba za viatu anakuwa anakatiza muda wa mama wa kujiendeleza. Simkatazi mwanamke kujiendeleza, na mwanamume anayesubiri kuhudumiwa kama mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe simtetei. Ninachokataa ni mtu kujijenga peke yake ndani ya nyumba yenye watu watano, halafu akashangaa kwamba wengine wamenyamaza.

Lipo jambo moja ambalo mama mkwe wako anakosea, na hapo nipo upande wako kabisa. Umesema siku za baridi kali huliingiza jiko la mkaa ukumbini na milango ikiwa imefungwa. Wewe unalalamikia harufu, lakini hatari si harufu. Mkaa unaowaka mahali pasipo hewa hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu, na sumu hiyo huua watu wakiwa usingizini bila wao kushtuka. Nyanda za Juu Kusini tumezika watu kwa sababu hiyo hiyo. Jiko likae barazani, kila siku, hata kama kuna ukungu wa kukata kwa kisu. Usiliseme wewe, kwa kuwa baada ya yaliyotokea litasikika kama amri nyingine. Mwanawe amweleze, na Jumapili aweke bati na turubai barazani ili mama yake asipigwe na upepo anapopika. Huo ndio ushirikiano unaoweza kumdai mumeo kwa haki.

Sasa kuhusu asubuhi yenyewe. Asubuhi ya nyumba yenye wanafunzi huanza jioni iliyotangulia, na hapo ndipo nguvu zako ziende. Sweta zifuliwe Ijumaa jioni, zisisubiri Jumapili, na kila mtoto awe na ya pili. Kama hamna, tafuteni sokoni Mwanjelwa hata ya mtumba yenye rangi inayofanana. Kabla ya saa 2 usiku nguo ziwe zimetundikwa msumarini, viatu vimepigwa rangi na soksi zimo ndani yake, madaftari yamo kwenye mabegi, nauli imo kwenye kikopo mlangoni. Unga wa uji upimwe kwenye bakuli, na maji yaliyochemshwa jioni yawekwe kwenye chupa ya chai, ili asubuhi sufuria isianze safari yake na maji ya barafu. Watoto wa umri huo wanahitaji walau saa 9 za usingizi, kwa hiyo saa 2:30 wawe kitandani, waamke saa 11:40. Wewe lala saa 4, na simu ilale sebuleni, kwa sababu ikilala kando ya mto wako haya yote yatakuwa maneno matupu.

Amka saa 11. Kati ya saa 11 na 11:30 ni muda wako, na ufanye jambo moja tu ndani yake. Sali, au soma, au kaa na kikombe cha chai usikie jogoo wa jirani. Usijaribu mambo sita. Mazoezi yako ni kutembea kwa miguu hadi kituoni. Malengo ya siku yaandike ukiwa ndani ya daladala kwenda mjini, foleni ya barabara kuu itakupa muda wa kutosha. Oga maji ya moto. Siku moja au mbili kwa wiki mambo yatavurugika, mtoto atatapika au mvua itanyesha, na siku hiyo ukiwa umewafikisha watoto barabarani wakiwa wameshiba, imetosha.

Lakini kabla ya hayo yote una kazi ya leo. Wewe ndiye uliyefunga mdomo wa mama huyo, ni wewe utakayeufungua. Mwanamke aliyekulia Rungwe, ambako ng'ombe hukamuliwa kungali giza, hawezi kulala hadi saa 1 kwa sababu ameombwa. Amelala macho wazi akisikiliza watoto wakihangaika bila yeye. Penye wazee hapaharibiki neno, na kwenu neno limeharibika kwa kuwa mzee ameondolewa. Usitangulize khanga wala sukari. Nenda chumbani kwake jioni hii, upige magoti kama ulivyofunzwa kwenu, umwambie: "Mama, nilikosea kukwambia ubaki chumbani. Naomba unisaidie asubuhi, na mimi nitakusaidia." Kisha kesho saa 11 umkute barazani, wewe ndiye uiname kukoka moto, yeye akae kwenye kigoda na akoroge uji, magoti yake yapumzike.

Fanya hivyo kwa wiki mbili, halafu niandikie tena, na katika barua hiyo uniambie mama mkwe wako amesema nini.