Barua kwa mwanangu kuhusu ugonjwa wa bibi yako

Mikindani, Mtwara

Mwanangu mpenzi,

Sisi huku hatujambo, na mikorosho ya baba yako imeanza kutoa maua. Umeniuliza kama ugonjwa wa Alzheimer, ule wa kupotewa na kumbukumbu, uliomchukua bibi yako umo katika damu yetu, na kama ukapimwe vinasaba kabla hujajifungua. Nimekaa na swali lako siku tatu, kwa kuwa nami hujiuliza hilohilo kila jina la mwanafunzi wangu wa zamani linaponikwama mdomoni.

Bibi alianza kusahau akiwa na miaka 76, na umri huo una maana kubwa. Ziko jeni tatu, yaani vipande vya vinasaba tunavyorithi kwa wazazi, ziitwazo APP, PSEN1 na PSEN2, ambazo zikiwa na hitilafu za aina fulani humfanya mtu augue karibu bila kukosa, mara nyingi kabla ya miaka 65, na kila mtoto wake huwa na uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi hitilafu hiyo. Wagonjwa wa namna hiyo hawafiki hata mmoja katika mia, na katika ukoo wetu sijasikia mtu aliyepotewa na kumbukumbu angali na nguvu za kulima.

Kwa wanaougua uzeeni, jeni inayotajwa zaidi ni APOE, iliyo kwenye kromosomu ya 19, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni zetu. Ina sura tatu, e2, e3 na e4, na kila mmoja wetu hupokea moja kwa mama na moja kwa baba. Tangu 1993 inafahamika kwamba e4 huongeza hatari, na mwenye mbili huwa hatarini zaidi kuliko mwenye moja, ilhali e2 huelekea kumkinga mtu. Hata hivyo wapo wenye e4 wanaozeeka na akili timamu, na wapo wasio nayo wanaougua. Tena viwango vya hatari vinavyotajwa sana vilipatikana kwa watu wa asili ya Ulaya. Watafiti walipowachunguza Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, waliikuta e4 kwa wingi, lakini uhusiano wake na ugonjwa ulikuwa dhaifu zaidi. Ndiyo maana sikushauri upime sasa: ungeletewa hofu iliyokadiriwa kwa watu wengine, ukailea pamoja na mimba.

Mwaka wake wa mwisho, bibi aliniuliza mimi ni mtoto wa nani, huku vidole vyake vikisuka ukili bila kukosea. Nilipomjibu, "Wako, mama," alinisogezea miyaa akasema, "Basi kaa tusuke."

Kinachoniuma si urithi. Alikuwa na presha kwa miaka mingi, akiacha vidonge kila alipojisikia nafuu, nasi watoto wake tukinyamaza. Na masikio yalipopungua tulizoea kupaza sauti tu, hatukumpeleka kupimwa. Presha ya utu uzima isiyotibiwa, kisukari na kupungukiwa usikivu vyote huongeza hatari ya ugonjwa huu, na vyote vina tiba au msaada.

Jumatatu nilikwenda kupimwa presha, ikawa 150 kwa 95, nimeanzishiwa dawa na sitaziacha. Ukienda kliniki wiki hii, tazama walichoandika kwenye kadi yako, kisha uniandikie namba zote mbili.

Mama yako